Anayesinzia hovyo si lazima awe mvivu

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu kuhusu usingizi iliyotoka wiki iliyopita. Mwandishi ameieleza vizuri melatonini, homoni ambayo ubongo hutoa usiku, lakini alipofika kwa watu wanaosinzia mchana kutwa, akawaambia tu wapunguze simu usiku na waache uvivu. Hapo sikubaliani naye.

Melatonini hutangaza giza. Kazi ya kutuweka macho ina wenyewe, na miongoni mwao zimo niuropeptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi ambayo seli za neva hupelekeana kama ujumbe. Iliyo muhimu zaidi hapa ni oreksini, iliyogunduliwa mwaka 1998 na makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake. Mojawapo, kundi la mtafiti Masashi Yanagisawa, lilidhani kwanza kwamba kazi yake ni kuchochea hamu ya kula.

Seli zinazoitengeneza ziko kwenye haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, nazo hazifiki laki moja katika ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86. Hata hivyo nyuzi zake huenea karibu ubongo mzima, zikizichochea seli za noradrenalini, serotonini na histamini, kemikali zinazousaidia ubongo kukaa macho. (Vidonge vya zamani vya mzio huleta usingizi kwa sababu huizuia histamini hiyo isifanye kazi ubongoni.) Upande wa pili kuna seli zenye kemikali za kutuliza, galanini na GABA, ambazo huzinyamazisha zile za kukesha ili usingizi uingie. Pande hizi huvutana saa zote, na oreksini ndiyo humshikilia mtu upande wa kuwa macho asiyumbeyumbe.

Sasa mchukue mtu ambaye seli hizo zimemfia. Hiyo ndiyo narkolepsi aina ya kwanza, ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana. Mwaka 2000, watafiti waliochunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na ugonjwa huu walikuta seli za oreksini karibu zote zimetoweka; kundi moja lilipata upungufu wa asilimia 85 hadi 95. Mwaka mmoja kabla yake, Emmanuel Mignot na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba mbwa wa aina ya Doberman waliorithi narkolepsi wana kasoro kwenye kipokezi cha oreksini, yaani sehemu ya seli inayoupokea ujumbe wake. Mbwa hao wakiwekewa chakula hufurahi, na papo hapo miguu hulegea wakaanguka.

Kwa binadamu ni hivyo hivyo. Anasimuliwa kichekesho, anacheka, taya linalegea, magoti yanakunjika, anashuka chini kama aliyezirai. Kumbe anasikia kila neno, pamoja na la yule anayesema, "Anaigiza huyo." Hali hiyo huitwa katapleksi. Mtu wa namna hii utamwambia azime simu mapema?

Sikatai kwamba wengi wanaosinzia wamejinyima usingizi tu, na kwao ushauri wa mwandishi unafaa. Lakini narkolepsi mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na kijana anaweza kuitwa mvivu miaka na miaka kabla hajafikishwa kwa daktari. Vipimo vipo. Mgonjwa hupimwa akiwa amelala usiku, kesho yake hupewa nafasi kadhaa za kulala mchana, ionekane huchukua dakika ngapi kupitiwa na usingizi na kama huingia upesi kwenye usingizi wa ndoto. Oreksini yenyewe pia hupimika kwenye maji ya uti wa mgongo.

Elimu hiyo imewafaa hata wanaokosa usingizi: suvoreksanti, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya oreksini.

Ninachoomba ni mwandishi wenu amtafute daktari wa mishipa ya fahamu, amuulize dalili za narkolepsi, na majibu yachapishwe kwenye ukurasa ule ule uliobeba neno "uvivu".

Msomaji wenu