Kikao cha Jumamosi: mahali pamebadilika

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kikao cha kanisa letu jipya ni Jumamosi saa 10 jioni, Pasua, kwa mama mchungaji. Siyo Majengo tena.

1. Mchango sh 20,000 umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa.
2. Someni rasimu ya katiba. Bila hiyo Msajili wa Jumuiya wa serikali hatatusajili, hata tukiwa na maspika ya kutikisa Moshi nzima.
3. Vyombo na sare za kwaya: sikatai, spika ikikoroma mahubiri hayasikiki. Ila bado hatujajua nani atafundisha watoto wala nani atatembelea wagonjwa. Naomba tuanze hapo, vyombo tukodi kwanza.

Tafadhali jibu NAKUJA au SITAWEZA leo kabla ya saa 3 usiku, mama ajue chai ya watu wangapi.