Mpwa wangu, umehesabu?

Mpwa wangu,

Ile sauti uliyonitumia baada ya mkesha nimeisikiliza mara tatu. Umesema umeamua kumfuata Yesu mzima mzima, hutaki tena mguu mmoja ndani, mwingine nje. Nilifurahi. Halafu nikaingiwa na hofu, maana maneno hayohayo niliyasema mimi miaka sita iliyopita, tena kwa machozi, na sikujua ninachokisema.

(Kila mhubiri mgeni akija Bagamoyo lazima aanze na "bwaga moyo", ati ndiyo asili ya jina la mji. Sitakuchosha nalo.)

Jumapili nilipita kule Misheni, ingawa si kanisa letu. Unaikumbuka ile njia ya miembe, na makaburi ya mapadre. Wale wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Wengi wao walikufa vijana, malaria ikiwamaliza mmoja mmoja. Na kuna ule mnara alimolazwa mmisionari Livingstone mwaka 1874, baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi kuibeba maiti yake miezi kama tisa. Wageni huupiga picha. Mimi nikiuona nakumbuka mnara wa Luka 14: mtu akitaka kujenga, aketi kwanza ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka.

Gharama ya mapadre wale inaonekana, ina msalaba juu yake. Yangu ilikuja Jumanne saa nne asubuhi, kwenye simu, na jina lake ni cha juu.

Unajua nilikuwa dalali wa viwanja. Mwenye shamba anataka milioni 6, wewe unamtajia mnunuzi 8. Asilimia 10 yako unaichukua waziwazi, zile milioni mbili za katikati unazila kimya. Hakuna anayeuita wizi. Kijiweni ukisema huli cha juu wanakuona mgonjwa, au unawaharibia soko. Na kweli nilipoacha niliwaharibia: mteja wangu mmoja alianza kuwauliza wenzangu bei halisi ya mwenye mali. Haikupita miezi miwili, simu yangu ikawa haiiti.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, alirudisha mara nne. Mimi nilirudisha mara moja tu, kwa mtu mmoja, mwalimu mstaafu aliyenunua kwangu kule Zinga kwa mafao yake. Milioni 1 na laki 2, kidogo kidogo, miezi 14. Siku ya mwisho nilidhani atanikumbatia. Alihesabu noti, akanitazama, akauliza, "Na wengine je?"

Wengine bado.

Binamu yako ilibidi tumtoe shule ya kulipia. Jioni ile mkaza mjomba wako alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata uso: "Aliyeokoka ni wewe, mbona njaa imetupata sote?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Hili ndilo nisilowahi kulisikia madhabahuni: gharama huilipi peke yako, wanailipa na watu ambao hukuwauliza. Ndiyo maana nakuomba, kabla hujatangaza tena, kaa na mchumba wako. Mwambie unakusudia nini. Wewe uko ofisi ya manunuzi, unajua mwenyewe simu yako itatoka kwa nani, na bahasha itakuwa nene kiasi gani. Na yeye ajue, asije akaambiwa siku mchele umekwisha.

Usidhani nakukatisha tamaa. Nalala vizuri sasa, na nikikutana na wateja wangu wa zamani sokoni sibadilishi njia. Isipokuwa wale wachache.

Juzi mwenzangu wa zamani alinipigia. Mteja ana milioni 12 mkononi, mwenye kiwanja anataka 9. Ningemkatalia palepale, lakini nilimwambia nitampigia kesho, na usiku kucha nilikuwa napiga hesabu za ada.

Mjomba wako,
Bagamoyo