Usiifunge hiyo stabilaiza kabla hujaisoma barua hii

Chumbageni, Tanga
Jumatano usiku

Ndugu yangu Athumani,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mama yuko salama, watoto wanakwenda shule, hofu ni kwenu. Najua tangu arobaini ya Mzee Kombo sijakuandikia hata mstari mmoja, na deni hilo nalikubali. Salamu za shemeji na za wote hapo nyumbani zipokee kwa jumla, maana leo sina utulivu wa kumtaja mmoja mmoja.

Ama baada ya salamu, kilichonikalisha mezani usiku huu ni maneno ya Bakari. Alipita hapa saa kumi jioni akitoka Kange kuchukua mzigo wake, akaniambia umenunua stabilaiza ya nyuma, ile nondo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona, nene, milimita 24, na Jumamosi unalipeleka gari kwa fundi. Aliisema kwa furaha, akidhani ananiletea habari njema. Mimi hata chai ilinishinda. Athumani, usiifunge kwanza. Nisome mpaka mwisho, halafu amua mwenyewe.

Gari lako na langu ni pacha, hata rangi nusura zilingane. Nondo iliyokuja na langu niliipima kwa mkono wangu: milimita 17. Nikaitoa, nikafunga ya 22. Ukiziweka mbili hizo kando kwa kando juu ya benchi, unaona tofauti ndogo tu, huwezi kuiogopa. Lakini ugumu wa nondo kujipinda haupandi sambamba na unene. Unachukua unene ule unauzidisha kwa wenyewe: unene mara unene mara unene mara unene. Ukiongeza unene maradufu, ugumu umeongezeka mara 16. Sasa rudi kwetu: kama zote ni chuma kitupu bila uwazi ndani, ya 20 ni ngumu karibu mara mbili ya ile ya 17, na ya 22 karibu mara tatu. Hiyo uliyonunua wewe ni karibu mara nne. Mara nne, ndugu yangu, na inakwenda kushikwa na breketi zile zile, vile vishikizo vya bati la kukunja vinavyoibana nondo kwenye gari, zilizotengenezwa kwa ajili ya 17.

Hapo kwenye breketi ndipo penye barua yote hii. Lakini acha nikueleze kwa mpango, usije ukadhani nakuonea wivu.

Unajua kwa nini niliingia kwenye habari hizi. Mama lazima aende Lushoto kumwona mdogo wake, na ile njia ya kupanda kutoka Mombo unaijua. Kona inakata kulia, hujashusha pumzi inakuja ya kushoto, ukuta wa mawe upande huu, bonde upande ule. Gari lilikuwa linalala kila kona kama mashua ya Deep Sea iliyopigwa na upepo wa ubavuni. Mama alikuwa anapanda na mfuko wa plastiki mkononi na limau puani, na tukifika Soni uso umeshabadilika rangi. Safari mbili nilimsikia akimwambia mdogo wake kwenye simu kwamba pengine hatakuja tena. Neno lile liliniuma. Nikabadilisha shokapu zote nne, ikapungua kidogo. Ndipo Shee akanishauri stabilaiza.

Na ilifanya kazi, sikufichi. Safari ya kwanza baada ya kuifunga, mama alishuka Soni kwa miguu yake, akachagua peasi kwenye ndoo ya yule mama wa barabarani, akala moja pale pale amesimama, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Niliegemea gari nikamtazama tu. Kwa hiyo usinielewe vibaya: kitu chenyewe ni kizuri. Ninachokataa ni unene huo juu ya breketi hizo.

Safari ya tatu ndiyo iliyonifundisha. Tunateremka, mvua imekwisha kunyesha, lami ina tope jembamba lililotoka mashambani. Chini kidogo ya Soni nikasikia nyuma kulia "ko". Kona iliyofuata, "ko" tena. Kwenye mnyoofu, kimya. Nikasema labda jeki imelegea kwenye buti. Tukafika kwenye tuta, magurudumu yote mawili ya nyuma yakapanda pamoja, kimya kabisa. Mbele kidogo nikaangusha gurudumu moja kwenye shimo, "ko-ko". Hapo nikajua ni yenyewe. Maana stabilaiza, magurudumu yakipanda pamoja, inazunguka tu ndani ya bushi zake, ile mipira iliyo ndani ya breketi, bila kufanya kazi yoyote. Kazi inaianza pale gurudumu moja linapopanda na mwenzake kushuka, yaani kwenye kona, au kwenye shimo la upande mmoja. Inajipinda, na kule kujipinda kunakamata mwili wa gari usilale. Nguvu yote hiyo inapita wapi? Inapita kwenye linki mbili za pembeni, vile vijiti vinavyounganisha ncha za nondo na upande wa magurudumu, na breketi mbili za katikati.

Nilisimama Mombo, nikatandika gunia, nikaingia chini na tochi ya simu. Breketi ya kulia ilikuwa imepasuka kwenye mkunjo, pale bati linapogeuka kwenda kushika bolti. Niliivuta kwa vidole ikafunguka kama mdomo wa kaa. Na mpasuko ulikuwa na rangi mbili: nusu ya nje kahawia ya kutu, nusu ya ndani chuma kinang'aa kama kisu kilichonolewa jana. Maana yake haikupasuka siku ile. Ilianza zamani, labda wiki ya kwanza, ikawa inaendelea kidogo kidogo kila kona, huku mimi najisifia jinsi gari lilivyotulia, na mama amekaa kiti cha mbele. Bado nikifumba macho naiona ile rangi mbili.

Breketi haikuwa na kosa. Ilikuwa inabeba mzigo usio wake. Na upepo wa bahari wa kwetu huku haukuihurumia, mkunjo ulikuwa umeshaliwa. Wewe unakaa Kigamboni, bahari hiyo hiyo. Gari lako lina umri ule ule.

Pale Mombo nilifungua linki zote mbili, nondo ikabaki haina kazi, nikaifunga kwa waya isining'inie, tukaja nyumbani taratibu. Kufika Muheza mama akaniambia, "Mbwana, jahazi letu limerudi." Akashika mkono wa mlango mpaka Chumbageni.

Sasa mambo ya ufungaji, kwa sababu hapo pia niliumia. Gereji ya kwanza niliyokwenda sitaitaja. Fundi aliinua upande mmoja tu kwa jeki akaanza kufungua. Gurudumu moja likiwa juu na jingine chini, nondo imeshajipinda, ina hasira. Bolti ya linki haitoki kwa amani, na mpya haiingii mahali pake. Yeye akaipigia nyundo. Nilisimama pale nikinyamaza, na kunyamaza kule najutia mpaka leo. Mwambie fundi wako ainue nyuma yote, pande zote sawa, aweke stendi, ndipo linki zitoke kwa mkono. Ile nati ya linki nayo ikianza kuzunguka na msumari wake, asiongeze nguvu. Kwenye ncha ya msumari kuna tundu la pembe sita. Aishike kwa alenki upande mmoja, azungushe nati kwa spana upande mwingine. Wangu alizungusha mpaka akararua mpira wa linki mpya.

Halafu bushi. Hizi zinazokuja na nondo za kuongeza mara nyingi ni zile ngumu za poliyurethani, zinataka grisi ya silikoni. Fundi alinipaka grisi ya beringi, na baada ya siku chache gari likawa linalia kama mlango wa banda kila nikitoka getini. Na bushi lazima ilingane na nondo, namba kwa namba. Ya 24 ukiitia kwenye nondo ya 20 itacheza, na kucheza huko ndiko kunakopiga breketi.

Shee anasema nichomelee bati juu ya ile iliyopasuka, yaishe. Namheshimu Shee, kazi yake nimeiona miaka mingi, lakini hapa sikubaliani naye. Bati jembamba lenye kutu ukilichomelea, litashika pale pa moto na kupasuka pembeni yake. Nataka breketi nzito kabisa, zile za chuma kinene. Wenye kutengeneza nondo hizi wanajua jambo hili; Whiteline wa Australia, kwa mfano, huuza breketi nzito peke yake, mbali na nondo.

Na ndiyo shida yangu kwako. Ukipata nafasi kesho au Ijumaa, nenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, ulizia breketi nzito za stabilaiza ya nyuma za gari letu. Chukua jozi mbili, moja yako moja yangu. Nipigie bei, nitakutumia kwenye simu papo hapo. Bakari anarudi huku Jumatatu, mpe yeye, usiziamini kwa basi. Piga breketi kwa ukucha kabla hujalipa. Ukisikia mlio wa kopo, rudisha.

Hiyo nondo ya 24, kama muuzaji ni muungwana, mwombe akubadilishie kwa 20. Najua ulitafuta pesa yake kwa jasho, na najua ulivyo ukishapenda kitu. Akikataa, basi angalia matundu ya ncha zake. Kama ina matundu mawili au matatu kila upande, funga linki kwenye tundu la mwisho kabisa, la nje. Mkono ukiwa mrefu nondo inalainika. Tundu la ndani ndilo kali. Lakini hata tundu la nje, usiifunge bila breketi nzito. Hilo siwezi kulilegeza.

Kuna jambo jingine ambalo kwa Dar huenda usilione haraka, ila ukija huku utaliona. Nyuma ukiikaza kupita kiasi, tairi la ndani linapoteza uzito kwenye kona, na lami ikiwa imelowa mkia unataka kutangulia. Kwa kiasi kidogo inapendeza, gari linageuka vizuri badala ya kusukuma pua nje ya kona. Kwa 24, kwenye mvua ya masika, na watoto wako nyuma... sitaki hata kuandika. Na njia mbovu nayo: tairi la kushoto likiingia shimoni, kulia kunajua habari zake. Gari linatikisa kiuno. Shemeji atachoka kabla yako.

Shokapu pia. Kama zako zimekufa, anza nazo. Stabilaiza inazuia gari kulala, haizuii kurukaruka.

Nimeandika mengi na mkono umeanza kuuma. Mama amepita hapa akauliza namwandikia nani mpaka saa hizi, nikamwambia Athumani. Akasema nikukumbushe ule mkeka wake. Mimi sijui ni mkeka gani, wewe mtakuwa mnajuana.

Sasa nijibu haya. Hiyo nondo ni chuma kitupu au ina uwazi ndani? Maana yenye uwazi hesabu yake ni nyingine. Ina matundu mangapi? Ilikuja na bushi na linki zake, au walikuuzia nondo peke yake? Ya kwako ya zamani umeipima kweli, au umechukua neno la muuzaji? Breketi zako umewahi kuzikagua kwenye mkunjo, tena kwa kuzipangusa, si kwa kuchungulia? Fundi mwenyewe ni nani, yule wa Mbagala au umepata mwingine? Na arusi ya Mwanaidi mnakuja kwa gari au kwa basi? Mkija kwa gari, mnapanda Lushoto siku ileile au mnalala hapa kwanza? Nauliza kwa sababu chumba cha uani kimepakwa rangi, na mama ameshaanza kuhesabu vitanda.

Nipigie kesho ukishafika Gerezani, hata kama hukupata kitu. Na fundi akikupigia Jumamosi asubuhi, mwambie breketi bado.

Ndugu yako,
Mbwana