Barua kwa mwanangu: Tai aliye mfukoni mwako

Mwanangu mpendwa,

Picha ya lango la ofisi uliyonitumia kutoka Moscow nimeipata. Umeniuliza kwa nini tai wao, yule wa nembo ya Urusi, ana vichwa viwili. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini jambo hili nalipenda tangu nilipokuwa mwanafunzi huko, basi acha nikuandikie.

Utaambiwa kichwa kimoja chatazama Mashariki na kingine Magharibi. Maneno matamu, ila ni ya watu wa baadaye. Tai huyo yumo kwenye muhuri wa Ivan wa Tatu, mtawala wa Moscow, wa mwaka 1497, na upande wa pili wa muhuri yupo mpanda farasi anayemchoma joka mkuki. Wengi husema aliletwa na Sophia Palaiologina, binti wa ndugu yake mfalme wa mwisho wa Konstantinopoli, aliyeolewa na Ivan mwaka 1472. Hesabu hiyo hainiingii akilini. Kama tai alikuja ndani ya sanduku la bibi harusi, mbona alinyamaza miaka 25? Nawaunga mkono wanaosema Ivan alitaka kuonekana sawa na kaizari wa Wajerumani, ambaye naye alikuwa na tai wa vichwa viwili.

Ukitaka kumsoma tai huyu, tazama mataji. La tatu liliongezwa mwaka 1625. Mwaka 1667 Tsar (yaani mfalme wa Urusi) Aleksei akatamka kuwa mataji hayo ni Kazan, Astrakhan na Siberia, yaani falme zilizotiwa chini ya Moscow. Tsar alipoanguka mwaka 1917, msanii Ivan Bilibin alimchora tai mtupu: hana taji, hana fimbo ya enzi, mabawa yameshuka. Wabolsheviki, wakomunisti walioshika madaraka, nao wakamwondoa kabisa.

Mimi nilimkuta hayupo. Mbele yangu sasa hivi kuna sarafu ya kopeki 20, senti za Kisovieti, niliyorudi nayo, imechakaa lakini bado inasomeka: dunia, nyundo na mundu juu yake, jua linachomoza chini, masuke ya ngano pande zote. Masuke yamefungwa utepe. Hesabu mizunguko yake: saba kushoto, saba kulia, mmoja chini. Kumi na tano, idadi ya jamhuri za Muungano wa Kisovieti. Sisi tuliokulia chini ya jembe na nyundo tuliiona nembo ile kama ya jamaa zetu. Usiku nyota nyekundu ziliwaka juu ya minara ya Kremlin, palepale walipokaa tai hadi mwaka 1935, na wala sikujua kama waliwahi kuwapo.

Tarehe 30 Novemba 1993 Rais Yeltsin alimrudisha tai kwa amri: tai wa dhahabu kwenye ngao nyekundu, kifuani mpanda farasi wa fedha, kazi ya msanii Yevgeny Ukhnalyov. Na mataji yote matatu, katika nchi isiyo na tsar! Sheria ya mwaka 2000 yaeleza tu anavyoonekana, maana ya mataji haiigusi. Mimi naona walichagua ukongwe, wakaacha kila mtu ajaze maana yake.

Lakini kwenye sarafu, yule tai mtupu wa Bilibin alidumu tangu 1992 hadi mwaka 2016, ndipo mwenye mataji akashika nafasi. Zote mbili bado zinatumika. Chukua chenji yako leo, zilaze sarafu mbili za rubli kiganjani, ya kabla ya 2016 na ya baadaye, uangalie vichwani. Ukija likizo niletee zote mbili, niziweke na kopeki yangu.

Mama yako