Barua kwa vijana wa tawi letu: bendera iko wapi?

Wanangu wa tawi la Simba, wajukuu, na ninyi mnaokuja kuangalia mechi tu bila kulipa ada,

Juzi asubuhi nilikuwa naelekea kahawani, nikaukuta mlingoti wetu mtupu. Aliyenieleza habari hakuwa mmoja wenu. Ni mtani wangu wa Yanga, yule fundi cherehani wa Jangwani mnayemjua, na alinieleza kwa masikitiko: "Vijana wako wameshusha bendera. Sasa mimi nitamtania nani?" Nikaambiwa imeshushwa mpaka uongozi ujitafakari. Nikaambiwa pia kwamba usiku wa tarehe 25 Juni, Yanga walipotufunga 2-0 na kubeba ubingwa wa ligi kwa mara ya nne mfululizo, jezi mbili zilichomwa moto nyuma ya banda la chips. Na kwamba mwenzenu mmoja hajafungua duka tangu siku hiyo, kwa sababu dukani hamna kitu.

Ningeweza kuyasema haya mkutanoni, lakini mkutanoni mzee akisimama ninyi mnainamia simu. Basi someni huko huko kwenye simu.

Mnasema mwaka huu wa 2025 ndio mbaya kuliko yote. Uchungu wa mtu haupimwi kwa mizani, sitabishana. Nami nilikuwa uwanja wa Amaan, Zanzibar, tarehe 25 Mei, fainali ya Kombe la Shirikisho. Tulikuwa tumetoka kwa Berkane, kule Morocco, na deni la mabao mawili. Joshua Mutale alipofunga mapema, kofia yangu iliruka ikaangukia safu ya chini, sijaiona mpaka leo. Ikaja kadi nyekundu ya Kagoma. Likaja bao la Mukwala, nikakumbatiwa na mtu nisiyemjua, ananuka jasho na karafuu, na tungali tumekumbatiana mwamuzi akaitwa kwenye luninga, bao likafutwa. Mwisho kabisa wakasawazisha. Fainali ya Afrika, ardhi ya nyumbani, na wageni wakapanda ndege na kombe.

Boti ya asubuhi kurudi Dar ilijaa watu wekundu walionyamaza. Bahari ilikuwa shwari, na bado vijana walikuwa wameinamisha vichwa kama wenye kichefuchefu. Ukimya haukunisumbua, msibani watu hunyamaza. Kilichonisumbua ni kijana aliyekaa mbele yangu. Kutoka bandari ya Malindi, Unguja, mpaka tunaiona minara ya Dar alikuwa anafuta picha za timu kwenye simu yake, moja moja, kama mtu anayefuta za mchumba aliyemwacha. Nilitaka kumgusa bega, nikasita. Barua hii ni yake pia, popote alipo.

Mimi nimeanza kuipenda timu hii ikiitwa Sunderland, kabla ya mwaka 1971 ilipoitwa Simba. Nimeshaaibika nayo kwa namna nyingi, na moja ina miguu minne.

Mwaka 1993 tulifika fainali ya Kombe la CAF. Stella ya Abidjan tuliwabana kwao, 0-0. Mji mzima ukajua kombe limeshakuja, bado kulipokea tu. Mfadhili ameahidi magari kwa wachezaji. Rais Mwinyi atakuwepo uwanjani. Mimi nani nibaki nyuma? Nilichukua fedha ambazo bibi yenu alikuwa ameziweka kwa ajili ya sare na madaftari ya Januari, nikanunua mbuzi. Dume, mweupe, ana ndevu kama kadhi. Nikamfunga kwenye mwembe wetu hapa Magomeni, nikatangaza mtaa mzima: jioni ya fainali, pilau kwangu, na watani wanakaribishwa waje kula ushindi wa wenzao.

Tulifungwa 2-0. Jina la mchezaji wao Boli Zozo mpaka leo sipendi litajwe nikiwa na sahani mbele yangu. Nilitoka Uwanja wa Taifa, ule wa zamani ambao sasa ni Uhuru, nikarudi kwa miguu. Mabasi yalikuwepo, ila sikutaka kufika. Nilipofika, mbuzi alikuwa amesimama pale pale anatafuna, na bibi yenu amekaa kibarazani. Hakuniuliza matokeo. Aliniuliza, "Na huyu?"

Sasa sikilizeni alichofanya mtani wangu. Usiku ule alikuja na birika la kahawa na kashata, akakaa nami kibarazani mpaka saa tano, bila kutia neno. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa vilevile. Siku tatu, kama matanga. Siku ya nne alfajiri nikasikia sauti chini ya mwembe: "Shikamoo, bingwa wa Afrika." Anamwamkia mbuzi. Akamwamkia kila asubuhi, watoto wa mtaa nao wakajifunza kumwamkia, mpaka Januari nilipomuuza ili sare zipatikane. Nilimuuza kwa hasara, maana hata wanunuzi walishaisikia habari yake.

Tarehe 3 Juni 2023 Yanga waliwafunga USM Alger 1-0 kwao Algiers na bado wakalikosa kombe, kwa kuwa hapa Dar walifungwa 2-1 na mabao ya ugenini yakahesabiwa. Kushinda mechi ya fainali ugenini na kurudi mikono mitupu, hilo hata sisi hatujawahi kulionja. Nilivaa kanzu, nikachukua birika, nikaenda kwake. Siku tatu sikusema kitu. Ya nne nikamuuliza bei ya mbuzi siku hizi.

Ndiyo maana nasema utani wenu wa sasa una kasoro. Sina ugomvi na kuitana Kolo na Utopolo, sisi wenyewe tulikuwa na majina yetu, mengine siwezi kuyaandika. Kasoro ni haraka. Filimbi haijaisha kulia mtu ameshatumiwa picha ya jeneza. Mpeni mtu siku zake tatu. Na ninyi mkipewa jeneza, msijibu usiku huo.

Halafu kuna hili la kwenda kumtukana mchezaji. Kijana mmoja wa tawi alinionyesha, tena kwa fahari, maneno aliyomwandikia beki wetu kwenye ukurasa wake. Amemtukana mama yake. Mwanangu, pasi ile mbovu hakuipiga mama. Kama unataka kusema beki alichelewa kurudi, sema alichelewa kurudi. Nami nilimwona, alichelewa. Lifute. Na jumbe za namna hiyo ulizowapelekea watani, zifute pia.

Kwa mwenye duka sitakutaja, ingawa mtaa unakujua. Nimesikia uliweka mtaji kwenye mkeka wa kubeti mechi ile ya Zanzibar, ukachanika, ukaweka uliobaki kwenye mechi ya Juni ili uurudishe. Timu ilifungwa mabao, wewe ukafungwa mchele, sukari, sabuni na unga wa sembe. Mimi nilifanya hivyo hivyo na mbuzi, tofauti yetu ni kwamba mbuzi nilimuuza nikapata chochote. Tatizo la kuiwekea dau timu unayoipenda ni kwamba hukadirii, unaomba dua, na wanaochapisha zile namba wanaijua dua yako kuliko unavyoijua wewe. Njoo kahawani Jumamosi baada ya alasiri. Wazee watatu tumezungumza. Fedha mkononi hatutakupa, tusamehe kwa hilo. Tutakuchukulia mzigo wa kuanzia kwa muuza jumla, utalipa kidogo kidogo kila Ijumaa. Mkeo anajua, tumekwisha kumwambia. Usimkasirikie.

Kuhusu Jwaneng Galaxy sitasema sana. Oktoba 2021, tumeshinda 2-0 kwao Botswana, tukawa tunajadili hatua ya makundi kwenye kibanda umiza hata kabla mpira wa marudiano haujaanza, na wakaja uwanja wa Mkapa wakatufunga 3-1, tukatolewa. Ile haikuwa bahati mbaya. Ile tuliitafuta. Na 5-1 ya Yanga ya tarehe 5 Novemba 2023 mnaikumbuka, sina haja.

Lakini mmenichokoza na bendera hii, na kuna neno nalidaiwa.

Mara ngapi nimewasimulia Mufulira Wanderers? Kila mgeni akija tawini mnaniita, "Babu, mpe ile ya Lusaka," nami natoa. Mwaka 1979, Klabu Bingwa Afrika, Wazambia wanakuja Dar wanatufunga 4-0, nyumbani kwetu, mbele ya macho yetu. Timu inakwenda Lusaka kumalizia ratiba tu. Na kule inashinda 5-0. Thuwein Ali peke yake anafunga matatu. Nasimulia jinsi redio ilivyokuwa inakoroma, jinsi tulivyoinyanyua juu ya kabati ishike vizuri, jinsi bao la tano lilivyoingia na mzee mmoja akazimia kwenye jamvi.

Sikuwepo.

Nilikuwa na umri kama wenu, miaka ishirini na kitu. Zile nne za Dar nilizishuhudia, na nilitoka uwanjani nikiapa kwamba sitachekwa mara mbili. Siku ya mechi ya Lusaka nilimwachia jirani redio yangu, nikapanda basi kwenda shambani kwa shangazi, Bagamoyo, mahali ambapo habari zilifika kwa miguu. Nilikaa huko nang'oa mihogo. Niliporudi, nashuka Magomeni Mapipa nikakuta ngoma, watu wameshika matawi ya miti, wanawake wanapiga vigelegele. Nikamuuliza kijana mmoja, "Harusi ya nani?" Akaniangalia akadhani nimelewa.

Nilijiunga nikacheza. Nilicheza mpaka viatu vikaachia soli, na mwili wote unaona haya, kama mtu aliyekula pilau la harusi ambayo alikataa kuichangia. Redio ninayowasimulia ilikuwa yangu kweli, ile niliyoiacha. Waliyoisikiliza ni wengine. Mzee aliyezimia nilisimuliwa. Kwa miaka 46 nimekuwa nikiitangaza mechi ambayo niliikimbia, na wote waliokuwa kwenye jamvi lile wameshatangulia, kwa hiyo hakuna wa kunikosoa. Nimefungwa na Boli Zozo, nimefungwa na Jwaneng, nimefungwa tano na mtani. Katika yote, kinachoniamsha usiku ni ushindi ule.

Mkinicheka, chekeni. Mtani wangu akisoma hapa atanipa siku tatu, namjua.

Wenye hoja na uongozi waandike barua, waitishe mkutano, waulize fedha za ada zimekwenda wapi, nami nitasaini. Hilo ni la mezani. Jezi zilizochomwa, waliozichoma watanunua nyingine kwa jasho lao, siyo kwa mchango wa tawi.

Kamba ya mlingoti nimeikagua, imeoza, ndiyo maana hata kuishusha mliikata. Nimenunua mpya, ya nailoni, mita 12. Nimeiacha kwa muuza kahawa. Mlingoti mimi siupandi tena, goti hili halikubali. Aliyeichukua bendera aje nayo Jumapili kabla jua halijawa kali, na awe amepiga pasi.

Babu yenu,
wa benchi la kahawa, Magomeni