Barua kwa Rehema: watu watakula nini?

Rehema ndugu yangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa kukujibu, lakini swali lako sikulisahau: uchumi usipokua, watu watakula nini?

Wiki iliyopita betri ya simu yangu ilikufa. Fundi aliipasha moto mgongoni, akachokonoa kifuniko taratibu kama anayebandua plasta kwenye kidonda, akanionyesha betri iliyogandishwa kwa gundi. "Hii imeundwa isifunguliwe," akaniambia. Kioo kikapasuka mikononi mwake, nikanunua nyingine. Basi kwenye pato la taifa hiyo ni habari njema! Kubadilisha betri kungehesabika kidogo. Simu mpya imehesabika sana, na ile niliyoitupa haimo kwenye daftari lolote. Simon Kuznets, mwanauchumi aliyewapelekea wabunge wa Marekani hesabu za pato hilo mwaka 1934, aliwaonya kwamba ustawi wa taifa haupimiki kwa namba hiyo. Wakaichukua namba, onyo wakaliacha.

Na namba yenyewe ina njaa. Asilimia 3 kwa mwaka inasikika kama si kitu, ila kwa mwendo huo uchumi hujizidisha mara mbili kila miaka 23 au 24. Ukiniambia teknolojia itapunguza matumizi, nitakukumbusha Jevons, mwanauchumi wa Uingereza: mwaka 1865 aliona injini zinazobana makaa ya mawe zikiifanya Uingereza ichome makaa mengi zaidi, maana sasa kuyatumia kulileta faida zaidi.

Hata hivyo, hofu yako ina msingi, nami nakerwa na wanaohubiri "tuache kukua" kisha wakaishia hapo. Serikali imekopa, uchumi ukisimama kodi hushuka, riba haishuki. Mashine zikiboreka, kazi ya watu kumi hufanywa na wanane, na mauzo yasipoongezeka wawili wanarudi nyumbani. Isipokuwa saa za kazi zipunguzwe kwa wote kumi, na hapo ndipo mwenye kiwanda anapokunja uso. Keki inayokua humwezesha mkubwa kumwambia mnyonge asubiri, zamu yake inakuja. Ikiacha kukua, itabidi tuulizane nani kashika kisu.

Simsemei asiye na maji wala umeme. Huyo anahitaji zaidi, tena upesi. Lakini tazama Costa Rica: kipato cha mtu ni sehemu ndogo tu ya kile cha Mmarekani, na umri wa kuishi unalingana kwa karibu, kwa kuwa walitanguliza afya na elimu ya umma, na jeshi walilivunja mwaka 1948. Herman Daly, mwanauchumi aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia, alitenganisha kukua na maendeleo: kukua ni kunenepa, maendeleo ni kuwa bora.

Sasa nijibu wewe unayeandaa mishahara kila mwezi: ukiwapa wenzako siku nne za kazi badala ya nyongeza, wangapi watakubali? Waulize kweli, usinikisie.

Wako,
Juma