Barua kwa Baba: jinsi tunavyoshusha mshipi pima ishirini

Nanaimo, Kanada
Jumapili jioni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama pia, shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wote wazima hapo Kunduchi, nami huku sijambo, namshukuru Mungu. Athumani, najua ni wewe unayesoma kwa sauti. Soma polepole, na nitakapofika kwenye vyuma chukua kijiti umchoree Baba mchangani. Macho yake hayamsaidii kama zamani, lakini kidole chake kitaufuata mchoro.

Baba, simu ilikatika majuzi katikati ya swali lako. Uliniuliza: boti inatembea, samaki yuko pima ishirini chini, mshipi mnaufikishaje huko bila kupanda juu? Swali hilo nimelala nalo siku nne. Lingekuwa la mtu mwingine ningelijibu kwa ujumbe mfupi. Lakini nakumbuka tulivyokuwa tukirambaza, mshipi ukivutwa nyuma ya chombo, nje ya kisiwa cha Mbudya, wewe umeshika mshipi kwa kidole cha shahada, alfajiri nguru wanakula juu juu, na jua likipanda wanatoweka. Ukisema, "Hawajaondoka, wameshuka." Tukiongeza chubwi, kile kizito cha risasi, mshipi ukashuka kidogo, na mkono ukawa unavuta risasi tu, haujui tena kama kuna samaki au hakuna. Tukirudi na ndoo nusu. Shida hiyo hiyo ndiyo watu wa huku waliyoitengenezea chombo, na tangu nilipokielewa nimekuwa nikikuwaza wewe.

Kwanza samaki mwenyewe. Anaitwa samoni, na pwani hii ina aina tano zake. Anazaliwa mtoni, kwenye changarawe, anashuka baharini akiwa mdogo, anakaa huko miaka kadhaa akinenepa, kisha anarudi kwenye mto ule ule aliozaliwa, anataga na kufa. Tunayemfuata sisi ni mkubwa kuliko wote, chinuku. Mwenzake koho hupenda kukaa juu juu, lakini chinuku hushuka, mara nyingi amejibana karibu na mwamba wa chini. Ukimpitishia chambo pima tano juu ya kichwa chake, hapandi kukifuata.

Sasa chombo. Wanakiita daunriga. Ni gurudumu la kukunjia waya, limefungwa ukingoni mwa boti, lina mkono wa kuzungushia kama wa kisima. Kutoka hapo unatoka mtarimbo unaochungulia baharini, mwisho wake kuna kapi. Waya unapita juu ya kapi na kuteremka majini, na chini yake unaning'inia tufe la risasi, la ratili 10 au 12. La kwetu ni la 12, kama kilo 5 na nusu. Pembeni mwa gurudumu kuna saa inayohesabu futi za waya ulioshuka. Mimi nazigeuza kichwani: futi 6 ni pima moja, kwa hiyo saa ikisoma 120 najua tuko kwenye pima zako ishirini.

Mpaka hapo hakuna ndoana, Baba. Hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha. Mshipi wa kuvulia uko peke yake, kwenye fimbo yake. Juu kidogo ya tufe kuna kibanio, mfano wa kibanio cha nguo. Mshipi unabanwa pale, tufe linashuka nao mpaka kina unachotaka, na fimbo inakaa kwenye kishikio imepinda kama upinde. Samaki akipiga, mshipi unachomoka kwenye kibanio, fimbo inaruka juu, na kuanzia hapo ni wewe na samaki, hakuna risasi katikati. Uzito unakupeleka chini, halafu unakuachia. Ungeushika mshipi ule ungemjua samaki kwa namna anavyotikisa kichwa, kama ulivyokuwa ukiniambia "huyu kolekole" kabla hatujamwona.

Boti ni ya mzee ninayefanya naye kazi karakana. Ni ya faiba, futi 17, ndogo kuliko zile za hapo Kunduchi Pwani. Alinunua daunriga mbili kuukuu akaniomba nimsaidie kuzifunga, tukamaliza Jumamosi nzima. Nikueleze tulipochelewa, maana Athumani atapita hapo hapo.

Faiba ya ukingoni ni nyembamba. Ukipiga skrubu tu, siku ya kwanza itashika, lakini wimbi likiinua boti ghafla tufe halikubali kuinuka upesi, na uzito wa ratili 12 unageuka mvuto mkubwa mara kadhaa. Skrubu zitang'oka na kipande cha boti. Kwa hiyo tulitoboa mpaka upande wa pili, tukaweka ubao mnene chini ya ukingo, tukapitisha bolti zisizoshika kutu, washa pana na nati, na kila tundu tukalijaza silikoni maji yasiingie kwenye faiba. Kabla ya kutoboa, mzee aliniambia niingize mkono kwanza nipapase kama kuna waya au bomba la mafuta. Kweli, bomba la mafuta lilikuwa umbali wa vidole viwili.

Pa kufunga napo tulibishana. Yeye alitaka karibu na tezi, nyuma kabisa ya boti, ili afikie kwa urahisi akiwa kwenye usukani. Mimi niliogopa propela. Tukazisogeza mbele kidogo, moja kila ubavu, mitarimbo ikitazama nje, nyaya zikae mbali na mashine. Hata hivyo ukikata kona kali, waya wa upande wa ndani unasogea chini ya boti, kwa hiyo kona zote tunazikata kwa duara kubwa, taratibu.

Jambo la kutisha ni breki ya gurudumu. Nisikufiche, nilikosea mwenyewe. Safari ya pili tulikuwa jirani na kisiwa cha Snake Island, tufe likitembea juu kidogo ya mwamba, na mimi nilikuwa nimekaza breki mpaka mwisho nikidhani ndiyo uimara. Mwamba ukapanda ghafla, tufe likanasa. Boti ilikuwa inaendelea mbele na maji yanasukuma nyuma. Ukingo wa kulia ukaanza kuzama mbele ya macho yangu, maji yakaja yakalamba ubao. Mzee akazima mwendo na kunipigia kelele nilegeze. Nikalegeza, gurudumu likazunguka lenyewe, waya ukatoka, boti ikainuka. Mikono ilinitetemeka mpaka tulipofika gatini. Tangu siku hiyo breki inakazwa kiasi cha kubeba tufe na kidogo zaidi tu, ili likinasa gurudumu liteleze. Na koleo la kukatia waya liko kwenye kamba, limefungwa pale pale.

Kushusha kuna utaratibu wake. Boti itembee kwanza, kasi ya noti 2 hadi 3, mwendo wa mtu anayetembea barabarani. Chambo kinatangulia majini: kibao cha plastiki kinachometameta na kuzunguka, nyuma yake kama urefu wa mkono na bega lake, ngisi mdogo wa plastiki mwenye ndoana. Unakiangalia pembeni mwa boti kama kinacheza vizuri, unakiachia hatua tano au sita nyuma, ndipo unabana mshipi kwenye kibanio na kuteremsha tufe taratibu. Ukilibwaga, chambo kinajizungushia waya na unavua mafundo. Kibanio nacho kina kipimo chake. Kikilegea, kinaachia kwa mkondo tu. Kikikaza sana, samaki mdogo anaburutwa nusu saa hujui.

Halafu waya hausimami wima, Baba. Ulivyojua wewe siku zote, maji yanausukuma nyuma. Ukilala nusu ya pembe mraba na saa inasoma futi 100, tufe kwa kweli liko kama futi 70. Vijana wengi huku wanaamini saa. Mimi natazama waya, kisha natazama maji yanakwenda wapi, kwa sababu ukirambaza kinyume cha mkondo siku ya bamvua, maji yakiwa makubwa, tufe linapanda, na ukigeuka kufuata mkondo linashuka mpaka linagonga mwamba, bila wewe kugusa chochote. Mzee aliniuliza hayo nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwa baba yangu, kwenye ngalawa.

Tumepata chinuku wanne mpaka leo. Wa kwanza alikuwa na kilo 7. Fimbo iliporuka, mzee alikimbilia mkono wa daunriga akapandisha tufe juu, maana samaki akiuzunguka waya umemkosa, na mimi nikabaki na samaki. Alishuka mara tatu. Ndoana za huku kwa samoni sharti ziwe hazina kijino, ni sheria, kwa hiyo ukilegeza mshipi hata kidogo amekwenda. Ukimpata unampima urefu, na chinuku unayemchukua unamwandika kwenye leseni papo hapo kabla ya kufanya jambo jingine. Kwa koho unatazama pezi dogo la mgongoni karibu na mkia. Wanaofugwa kwenye vituo vya kutotolea mayai wengi hukatwa pezi hilo wakiwa wadogo, na sehemu nyingi akiwa nalo bado ni wa porini, unamrudisha. Mwanzoni niliona tabu. Sasa naona sawa kabisa, kwa sababu mto ukikosa wa kurudi hakuna wa kuzaliwa.

Jambo moja ulipende: kaskazini ya hapa, Campbell River, kuna chama cha wavuvi tangu 1924 kinachokataa mashine zote. Ni boti ya makasia na fimbo tu, na anayepata chinuku wa ratili 30 au zaidi kwa njia hiyo ndiye anayehesabiwa mwanachama. Nilipowaona wanapiga makasia alfajiri na mapema, ukungu umelala juu ya maji, nilisimama gatini nikawatazama mpaka wakatokomea.

Sasa Athumani, hii ni yako. Usisubiri nitume daunriga, ushuru utaimeza pesa yote. Itengeneze. Gurudumu lichongwe kwa mvule au mninga, kapi unalo, mtarimbo uchomewe kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Usiyeyushe risasi nyumbani, moshi wake ni sumu kwa watoto. Usimimine saruji pia: ndani ya maji saruji inapoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, wakati chuma kinapoteza kama sehemu moja ya nane tu. Tafuta kipande cha chuma cha mviringo, kilo 5 au 6. Kwa kibanio, kata uzi mwembamba wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ufunge mshipi kwenye waya kwa huo. Nguru akipiga utakatika. Weka waya mfupi mbele ya ndoana, unayajua meno yake. Mwisho wa waya wa gurudumu usiufunge kwa fundo la kufa. Likinasa na breki ikagoma, acha waya wote uende. Chuma kitapatikana kingine.

Usiifunge kwenye ngalawa, mirengu, ile mbao ya ubavuni, itakusumbua kila kona. Weka kwenye boti ya mashine. Na ukae nje ya hifadhi. Mbudya na Bongoyo zimelindwa tangu 1975 na hilo Baba hajawahi kulikiuka.

Mama, pesa ya dawa za Baba nimeituma Ijumaa. Lile koti ulilonunua Kariakoo bado nalivaa, ingawa baridi ya asubuhi baharini inalishinda, na mzee amenipa jingine la kuvaa juu yake.

Baba, nina ombi. Kaskazi ikiingia, jua likiwa limepanda saa nne asubuhi, nguru wa nje ya Mbudya wanashuka pima ngapi? Ulikuwa unajua kwa mkono, hukuwahi kuitaja hesabu. Mwambie Athumani airekodi sauti yako aniletee, kwa kila mwezi unaoukumbuka, na useme pia chini pana mwamba au mchanga. Nataka aanze na hesabu zako kwenye gurudumu lake.

Mwanao,
Mbwana